Breki za rimu kwa baiskeli ya kazi: za vyuma, za mkasi, kantileva au V? Tuambiane ukweli wa matope na miteremko

FundiMatope (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina kibanda cha baiskeli hapa Ifakara. Anayeijua Ifakara anajua kwamba huku baiskeli hainunuliwi kwa mazoezi. Inabeba mpunga, inabeba mkaa, inampeleka mgonjwa hospitali, na jioni inabeba mke na mtoto kwa safari moja. Masika haya swali linalonijia kila siku ni hili: "Fundi, breki hazishiki, nifungie za aina gani?" Na mtu anakuja ameshaamua. Kaona kijana ana baiskeli ya gia yenye breki za V, anataka zihamie kwenye baiskeli yake ya vyuma. Mwingine kachoka na V, anataka za mkasi kwa kuwa raba zake zinauzwa hata kwenye duka la sabuni na viberiti.

Nimefunga aina zote nne, nimeziendesha zote nne, na mbili zimeshanibwaga chini. Naandika ninachokijua, mnirekebishe nikikosea. Naongelea za rimu tu. Breki ya kurudisha pedeli nyuma kama ya baiskeli ya Buffalo, za ngoma na za sahani, hizo zitafutiwe uzi wake.

Naanza na za vyuma, zile za baiskeli za Phoenix na ndugu zake. Hazina waya hata mmoja. Ukibana mkono wa breki kwenye usukani, fito inavutwa kwenda juu, na kile chuma chenye umbo la U kinachokumbatia gurudumu kinapandisha raba mbili zikagusa rimu kwa upande wa ndani, yaani ule unaotazama habu, kitovu cha gurudumu. Ubavuni hazigusi kabisa. Hapo ndipo penye akili ya aliyezibuni. Rimu ikipinda kulia na kushoto kama nyoka, breki haina habari. Nimeletewa gurudumu linalosugua foku pande zote mbili na breki bado inafanya kazi. Ukikatikiwa spoku tatu porini, unapanda unaondoka, hufungui kitu. Jaribu hilo na V uone.

Ugonjwa wake ni nati. Mtikisiko unazilegeza, na raba ya mbele ikigeuka kidogo tu inaingia kwenye spoku. Hiyo ndiyo iliyonibwaga mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, tena natoka kumwonyesha mteja kwamba breki yake imepona. Jambo la pili, ambalo hata mafundi wenzangu hulisahau: kile kikombe cha bati kinachoshika raba kina upande mmoja uliozibwa na mwingine uko wazi. Uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokimbilia. Ukifunga kinyume, siku ya kubana kwa nguvu rimu inaichomoa raba kama jino la mtoto, na unabaki na bati linakwaruza chuma.

Za mkasi ni ile mikono miwili inayokutana kwenye bolti moja juu ya tairi. Kwenye baiskeli nyepesi ya lami sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba kwenye baiskeli ya kazi mikono inabidi iwe mirefu ili ipite tairi nene na madigadi, na mkono mrefu wa bati unapinda kabla haujabana. Unavuta mpaka vidole vinagusa usukani, baiskeli ndiyo kwanza inajifikiria. Halafu nafasi kati ya mkasi na tairi ni ndogo. Udongo mweusi wa mashamba ya mpunga unajaa pale, unashindiliwa na tairi lenyewe, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ndiyo breki pekee ninayoijua inayoshika bila kushikwa.

Kantileva: kila mkono una kigingi chake kilichochomelewa kwenye foku, na waya mfupi unaunganisha mikono miwili juu ya tairi, kisha waya mkuu unauvuta ule mfupi katikati. Tope linapita bila salamu, nafasi ni kubwa. Zina sumu moja lakini. Waya mkuu ukikatika, ule mfupi unaangukia tairi. Tairi likiwa la meno linaudaka, gurudumu la mbele linafunga papo hapo, na wewe unatangulia mbele ya baiskeli yako. Kwa hiyo ukiwa na kantileva usitoe madigadi ya mbele wala kile kibati cha kioo cha kung'aa kilicho juu ya tairi. Watu wanakitoa kwa urembo. Kile ndicho kinachoudaka waya ukianguka.

V ndizo zilizozifuata hizo. Shimano walizileta mwaka 1996, na ndani ya miaka michache baiskeli za milimani karibu zote zilikuwa nazo. Vigingi ni vilevile vya kantileva, ila mikono imerefushwa na waya ni mmoja, unapita juu ya tairi kwa ubavu kupitia kibomba kilichopinda. Nguvu zake hazina mjadala. Zinahitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya kantileva, na hapo ndipo watu wanaharibu, nitarudi kwenye hilo.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita nilichoka kubishana, nikafanya jaribio. Nina magurudumu mawili ya mbele ya baiskeli za mtumba za Kijapani, yote ya 26 kwa 1 3/8, moja rimu ya chuma yenye kromu, jingine rimu ya alumini. Nikachukua baiskeli moja, breki moja ya mkasi, raba zilezile mpya, nikawa nabadilisha gurudumu tu. Kuna kamteremko karibu na kibanda changu, katikati pana mwembe, chini kabisa anakaa muuza miwa. Nashuka bila kukanyaga, nikifika kwenye jiwe fulani nabana. Kavu, magurudumu yote mawili yalisimama kabla ya mwembe. Nikachukua kidumu, nikamwagia rimu maji. Ya alumini ikaupita mwembe hatua chache ikasimama. Ya kromu ikaupita mwembe, ikampita mbuzi, ikaenda kusimama kwa muuza miwa, naye ameshanyanyuka kwenye kigoda.

Breki ileile, raba zilezile, mtu yuleyule aliyekula ugali uleule. Kwa hiyo mteja anayeniambia breki za vyuma hazishiki wakati wa mvua namjibu hivi: breki inashika, rimu ndiyo inayoteleza. Kromu ikilowa ni sawa na kioo kilichopakwa sabuni. Kabla hujatupa breki, tazama inashika nini.

Karibuni.

---

MshukaUsambara

Mkuu umeongea, ila wewe uko bondeni. Njoo huku tuongee habari ya breki. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita zaidi ya 30, na njia nzima inashuka kona baada ya kona, zaidi ya mita 900 unaziacha juu. Mimi nashusha kabichi na plamsi, mzigo wa kilo 60 hivi kwenye keria ukinizidi sana.

Huku adui wetu mkubwa ni moto. Mara ya kwanza nilishuka na rimu za alumini na V nikiwa nimebana mfululizo kutoka juu. Nilipofika Soni nikasimama kununua chai, nikashika rimu nijue kama gurudumu limekaza. Mkono niliutoa na ngozi imebaki. Nikiwa bado napuliza vidole, tairi la nyuma likatoa pumzi lenyewe, limesimama tu. Kufungua, kiraka kimeachia, gundi imekuwa kama asali.

Tangu siku ile nabana na kuachia. Nabana kwa nguvu kabla ya kona, naachia kabisa, upepo unapoza, nabana tena. Kubana kidogokidogo kilomita nzima ndiko kunakopika tyubu. Na kila nusu saa nasimama hata kama sina kiu.

Jingine, mkuu: watu wanasema breki ya mbele ndiyo kila kitu. Ni kweli ukiwa mtupu. Ukiwa na kilo 60 nyuma, gurudumu la nyuma limekaliwa na uzito na haliburuziki ovyo, kwa hiyo breki ya nyuma inakuwa na kazi kubwa kuliko vitabu vinavyosema. Ajabu ni kwamba ndiyo tunayoiacha na waya mbovu.

---

FundiMatope

Mkuu MshukaUsambara, pole na vidole. Hilo la breki ya nyuma na mzigo naliunga mkono kwa mikono miwili. Waya wa nyuma ni mrefu, unapita kona nyingi ndani ya ganda, na kila kona inakula nguvu ya mkono wako. Mwenye mzigo abadilishe waya na ganda la nyuma kabla hajafikiria kununua breki mpya.

---

KichwaNgumu_Mbeya

Mnajisumbua bure. Sahani ndiyo mwisho wa maneno. Tope, mvua, rimu iliyopinda, vyote havikuhusu.

---

FundiMatope

Sikatai, na rimu hailiki. Lakini nina baiskeli tatu za mtumba zimeegemea ukuta wangu, zote za sahani za waya, zinasubiri raba zake za ukubwa wa kucha ambazo sijui basi gani litazileta. Wenyewe wanakwenda kwa miguu. Tuendelee na mada.

---

MzeeSwala

Vijana, hamjambo. Nimeendesha baiskeli za vyuma tangu enzi za baiskeli za Swala, kabla wengi wenu hamjazaliwa, Tabora hadi Urambo na asali kwenye keria. Fundi umezisifu vizuri ila umeruka jambo moja. Umesema rimu ikipinda hazijali. Ikipinda ubavuni ndiyo, hazijali. Lakini ukigonga shimo rimu ikabonyea kwenda juu, breki hizo zinajali sana. Kila pale palipobonyea panapofika kwenye raba, breki inashika ghafla halafu inaachia, inashika inaachia, unakwenda kama umempanda punda mwenye hasira. Kibonyeo kidogo, za mkasi na za V zinakivumilia vizuri kuliko hizi.

Kuhusu mvua, sisi tulikuwa na desturi. Mvua ikinyesha unaanza kugusa breki taratibu mapema, unaacha gurudumu lizunguke mara kadhaa raba ifute maji, ndipo ubane. Anayengoja afike kwenye ng'ombe ndipo abane, ng'ombe atamsimamisha yeye.

---

FundiMatope

Shikamoo mzee. Nimekubali, hilo la kubonyea nililiruka. Na kwenye hizi rimu za zamani, zile pana zenye mfereji katikati na mabega mawili, kunyoosha kibonyeo si kazi ya dakika tano. Wengine wanagonga kwa nyundo ya mbao, wanazidisha.

Kugusa mapema mvua ikinyesha ndiyo dawa ya kweli, na haina bei. Inafaa kwa breki yoyote ya rimu.

---

MzeeSwala

Marahaba.

---

MkulimaNandi

Habari zenu. Mimi niko Kenya, upande wa Nandi, nabeba maziwa kila asubuhi mitungi miwili, barabara ya murram. Fundi amesema atarudi kwa habari ya mkono wa breki za V na hajarudi, kwa hivyo nitamsaidia kwa kosa langu mwenyewe.

Mkono wangu wa breki, ule wa kubana kwa usukani, ulivunjika, nikapata mwingine wa baiskeli ya zamani iliyokuwa na kantileva. Ukaingia vizuri, nikafurahi. Breki ikawa laini sana, kama kubana mkate. Ilikuwa inashika kwa nguvu ya kutisha lakini mkono unafika kwa usukani mapema, na ili ishike ilibidi raba ziwe karibu kabisa na rimu. Gurudumu likipinda kidogo tu, zinasugua njia yote. Wiki moja ya mvua raba zikalika kidogo, mkono ukagonga usukani na baiskeli bado inaenda. Maziwa lita 20 yalibaki kwa mtaro, na mimi pia.

Swali langu sasa. Rimu yangu ya nyuma ilipasuka ubavuni mwezi jana. Mlio kama bunduki, nilidhani ni tairi. Kuangalia, ukuta wa rimu umefunguka kama bati la sardini. Mtu anajuaje mapema kwamba rimu imeisha?

---

FundiMatope

Pole sana, hasa kwa maziwa. Asante kwa kunikumbusha, nieleze sasa kwa wengine.

Mkono wa V una sehemu ya kushikia waya iliyo mbali zaidi na msumari wake, ndiyo maana unavuta waya mrefu. Wa kantileva na wa mkasi unavuta mfupi. Ukiweka mkono wa mkasi kwenye V unapata alichopata mwenzetu: nguvu nyingi, safari fupi, mkono unagonga usukani. Ukifanya kinyume, mkono wa V kwenye kantileva au mkasi, breki inakuwa ngumu kama jiwe, inakupa moyo ukiwa umesimama dukani, na barabarani haishiki. Mtu anaponunua breki anunue na mkono wake. Mikono mingine ina kisahani cha kuchagua V au kantileva, hiyo sawa.

Rimu sasa. Ukiwa na breki ya rimu, rimu yenyewe ni sehemu ya breki. Inalika. Mchanga ukiingia kati ya raba na alumini unafanya kazi ya msasa. Chukua rula au ukingo wa kadi ngumu, uweke wima ubavuni pale raba inapogusa. Ukiona mwanga katikati, rimu imeingia ndani kama kijiko. Kidogo si neno. Ikiwa unahisi ukingo mkali ukipitisha kucha kutoka juu kwenda katikati, anza kutafuta nyingine. Rimu nyingi nzuri zina mfereji mwembamba au vishimo vidogo vilivyochongwa ubavuni kama alama. Alama ikifutika, rimu imekwisha, haijalishi inang'aa vipi. Ukuta ukiwa mwembamba, pumzi ya tairi ndiyo inayoupasua. Ndiyo huo mlio wako.

Na kabla rimu haijafika huko, tazama raba. Fungua gurudumu, pindua raba uiangalie usoni. Utaona vidoa vinavyong'aa. Hivyo ni vipande vya rimu yako mwenyewe vilivyonasa kwenye raba, na kila ukibana vinakula vingine. Mimi natumia mwiba wa mchongoma kuvichokoa, sindano inavunjika. Halafu napitisha msasa kidogo mpaka uso uwe mweusi usiong'aa. Dakika kumi kila mwisho wa wiki msimu wa mvua. Ile sauti ya *krrrr* kama mtu anatafuna mchanga ndiyo ishara. Ukiisikia usingoje ufike nyumbani.

---

Meatu_Kavu

Huku kwetu matope ni ya kusimuliwa, sisi ni vumbi na mbigili. Mimi breki ya mbele nimeitoa kabisa, ni hatari, inapindua mtu. Ya nyuma ya mkasi inanitosha. Raba nakata kwenye tairi la gari lililochakaa, bure.

---

FundiMatope

Ndugu yangu, breki ya mbele inampindua anayeibana yote kwa mara moja kama anaua nyoka. Ibane kwa kuongeza taratibu, na kaza mikono kiuno kirudi nyuma. Ukiwa bila mzigo, ya nyuma peke yake inaburuza tairi tu kwenye changarawe, husimami, unaandika barabara.

Tairi la gari naliheshimu kwa kandambili. Kwa breki ni gumu mno, mvua likilowa linateleza, na baadhi yana nyuzi za chuma ndani. Nililetewa rimu ya alumini iliyochimbwa mfereji mzima na raba ya namna hiyo, mwenyewe anasema "ilikuwa inashika vizuri". Ilikuwa inashika kwa sababu ilikuwa inachonga.

---

Chukudu243

Jambo bandugu. Miye niko Goma, kule chukudu inazaliwa, ile baskeli ya mbao bila pedeli ya kubebea mizigo. Ile kitu haina rimu, magurudumu ni mbao na mpira ya tairi juu yake. Breki? Kipande ya tairi kwa gurudumu ya nyuma, unakanyaga na mguu. Mvua ao jua, breki ni ileile. Ila kiatu inaisha mbele ya breki.

---

FundiMatope

😂 Chukudu243 umemaliza. Hapo hata kanuni ya rimu kavu na rimu mbichi haina kazi.

---

Mswahili_Ujerumani

Wakuu, nachangia kutoka baridini. Huku kuna breki ya rimu ambayo hamjaitaja: Magura wana breki za mafuta za rimu tangu 1987. Zinakaa kwenye vigingi vilevile vya V, lakini badala ya waya kuna bomba jembamba la mafuta, na pistoni inasukuma raba moja kwa moja ubavuni. Ninayo kwenye baiskeli ya mizigo, mwaka wa nne, kazi yangu imekuwa kubadilisha raba tu. Hakuna waya wa kuota kutu, na kidole kimoja kinatosha.

Na kwa wanaopenda historia: mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wa Marekani waliweka breki zinazoitwa za U chini ya fremu, nyuma tu ya pedeli, kwenye baiskeli za milimani. Karatasini zilikuwa imara sana. Tope lote linalorushwa na gurudumu likawa linaishia palepale. Hazikudumu miaka mingi sokoni.

---

FundiMatope

Hiyo ya U inanifundisha kwamba hata wenye maabara wanahitaji masika moja ya Kilombero.

Za mafuta naziamini. Ila bomba likikatwa na tawi Malinyi, mwenye nayo ana breki nzuri sana ya kutazama. Kwa anayeishi karibu na duka lenye vipuri vyake, sina pingamizi.

---

BintiMwani

Assalaam aleikum wakubwa. Mie niko Jambiani, nalima mwani. Baskeli yangu ni ya mtumba ina hizo breki za V. Maji yakitoka naiteremsha mpaka mchangani, nikirudi ina chumvi na mwani mpaka kwenye pedeli. Tatizo langu sijaona aliyelitaja: breki ya nyuma inashika, lakini haiachii. Nikibana mara moja inabaki imeng'ang'ania, nashuka naifungua kwa mkono. Fundi wa hapa kaongeza mafuta kila mahali, mpaka kwenye rimu, sasa wala haishiki wala haiachii.

---

FundiMatope

Waaleikum salaam dada. Kwanza rimu. Mafuta kwenye rimu ni kosa ambalo halina utetezi. Osha rimu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, rudia. Raba zilizokunywa mafuta piga msasa, zikiendelea kuteleza tupa, usizionee huruma.

Kung'ang'ania kuna sababu mbili, na njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Fungua kile kibomba kilichopinda juu ya tairi ili waya ulegee, halafu sukuma mikono ya breki kwa vidole. Ikirudi yenyewe kwa springi, vigingi ni vizima na ugonjwa uko kwenye waya. Isiporudi, kigingi kimeota kutu: toa bolti, vua mkono, sugua kigingi kwa msasa laini, paka grisi kidogo, rudisha.

Kwa mazingira yako naweka dau kwenye waya. Chumvi inaingia ndani ya ganda, waya unaota kutu humo ndani ambako huoni, na hasa ndani ya kile kibomba kwa sababu kimeinama na maji yanatuama. Badilisha waya na ganda kwa pamoja. Ukibadilisha waya tu, kutu ya ganda inaumeza mpya ndani ya mwezi. Usijaze mafuta, mchanga unayapenda. Pitisha waya kwenye kipande cha mshumaa mpaka ushike nta, ndipo uuingize. Na kile kiraba chenye mikunjo kama akodioni kinachokaa kati ya kibomba na mkono wa pili, kama kimepotea tafuta kingine. Watu wanadhani ni pambo, kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie mdomoni mwa kibomba.

Ukirudi kutoka baharini, mwagia maji baridi, yasiyo na chumvi, kabla chumvi haijakauka.

---

MshukaUsambara

Fundi, mwisho wa yote umwambie mtu anayenunua leo anunue nini? Usizunguke.

---

FundiMatope

Sizunguki. Mwenye baiskeli ya vyuma na mzigo wa tambarare, abaki na breki zake za vyuma, akaze nati kila Jumapili, ageuze vikombe vya raba viangalie panapostahili, na mvua ikinyesha afuate neno la MzeeSwala. Kuchomelea vigingi vya V kwenye foku ya zamani nimekataa mara nyingi na nitaendelea kukataa. Chuma kile kikichomwa na mtu asiyekijua kinakatika ukiwa kwenye mwendo, na hata kisipokatika bado unabana rimu ya kromu, tena rimu yenyewe haina ubavu bapa wa kushikwa na V.

Anayenunua mpya au mtumba: foku yenye vigingi tayari, rimu za alumini, V na mikono yake. Akipata kantileva nzima kwa bei nzuri achukue, madigadi yasitolewe. Za mkasi ndefu za bati kwenye tairi nene mimi nazikwepa, hata kama raba zake zinauzwa na sabuni.

Na V zina tabia moja ya kuangalia: raba zikilika zinateremka, zinaanza kukimbilia kwenye spoku. Usingoje zipite chini ya rimu. Hiyo ndiyo ya pili iliyonibwaga, kama kuna aliyekuwa anahesabu.

---

BintiMwani

Fundi, nimerudi. Nimebadilisha waya na ganda, nta nimetia ya mshumaa wa umeme ukikatika. Rimu nimeosha mara tatu. Inashika na inaachia, Mungu akubariki. Lakini sasa inapiga kelele kama mbuzi wa Idi. Nikibana, kijiji kizima kinageuka.

---

FundiMatope

Hahaa, hiyo ni ndogo. Raba inagusa rimu kwa uso wote mara moja, inatetemeka. Inatakiwa ncha ya mbele itangulie kugusa kwa unene wa kadi. Legeza bolti ya raba kidogo, kata kipande cha boksi la kiberiti, kiweke kati ya rimu na ncha ya *nyuma* ya raba, bana breki kwa mkono mmoja ili raba ijilaze yenyewe, kaza bolti hukohuko ukiwa umebana, achia, toa kiberiti. Upande wa pili vilevile. Zile washa zenye mgongo wa mviringo zimewekwa kwa kazi hiyo.

---

BintiMwani

Imenyamaza kabisa. Wanangu walikuwa wakisikia ule mlio wanaficha simu na kuanza kuosha vyombo. Jana nimewakuta.